CHETI CHA NJIA NA NENO LA MUUNGWANA

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili 1778, yapata saa saba na nusu mchana, gari lililokokotwa na farasi wanne lilisimama mbele ya nyumba ndogo ya mawe huko Valley Forge, katika jimbo la Pennsylvania. Walishuka humo wanawake wanne, mavazi yao safi lakini yasiyo na pambo lolote. Nyumba ile ilikuwa makao makuu ya Jenerali George Washington, amiri jeshi wa makoloni 13 ya Marekani yaliyokuwa yakipigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza. Kandokando yake vilienea vibanda vya magogo, na ndani ya vibanda hivyo askari walikuwa wanatoka katika majira ya baridi yaliyowaletea njaa, uchi na maradhi. Karibu 2,000 kati yao walikuwa wamekwisha kufa bila risasi kuwagusa.

Wanawake hao walitoka Philadelphia, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa macho ya askari wa zamu, walitoka kwa adui. Hata hivyo hawakuja kupeleleza, wala hawakuja kuomba chakula. Walikuja kuomba kipande cha karatasi: cheti cha njia kitakachowawezesha kupita katika vituo vya ulinzi hadi mji wa Lancaster, yapata kilometa 100 kutoka nyumbani kwao. Huko ndiko ilikokuwa serikali ya jimbo, iliyowafunga waume zao bila kuwafikisha mbele ya hakimu.

Kisa cha wanawake hao wanne kinastahili kukumbukwa na kila askari aliyewahi kusimama kizuizini, na kila mke aliyewahi kungoja mlango ubishwe. Kinaonyesha jinsi vita vya mapinduzi vinavyomgeuza raia kuwa mtu wa kuulizwa kila aendapo: Wewe ni nani? Watoka wapi? Ni nani aliyekuruhusu?

VITA VISIVYO NA MPAKA

Vita vya uhuru wa Marekani vilianza mwaka 1775 na kumalizika mwaka 1783. Havikuwa vita vya mataifa mawili yaliyotenganishwa na mto au mlima. Katika kijiji kimoja, na mara nyingine katika nyumba moja, alikuwako aliyemtii mfalme wa Uingereza, alikuwako aliyefuata Kongresi ya wanamapinduzi, na alikuwako aliyetaka kuachwa alime shamba lake kwa amani. Wote walisema lugha moja, walivaa nguo za namna moja, na majina yao yalifanana. Askari alimtambua vipi rafiki, na alimtambua vipi adui?

Njia mbili zilitumika. Ya kwanza ilikuwa cheti cha njia: karatasi yenye jina la msafiri, mahali aendako, na sahihi ya mkubwa aliyempa ruhusa. Ya pili ilikuwa ahadi ya heshima, ambayo Wazungu huiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya «neno» tu. Mtu aliyetekwa au kushukiwa aliachiwa aende kwake bila pingu, kwa sharti kwamba ametia sahihi na kutoa neno lake: hatatoka nje ya mipaka aliyowekewa, hatashika silaha, hatampa adui habari, na atafika mara aitwapo. Wanajeshi walikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Jambo jipya katika vita hivi ni kwamba ilitumika pia kwa raia wengi: wafanyabiashara, wakulima, na watu wa dini.

Serikali ya Pennsylvania iliongeza sheria nzito. Tarehe 13 Juni 1777 baraza la kutunga sheria liliamuru kwamba kila mwanamume mweupe aliyezidi umri wa miaka 18 ale kiapo cha utii kwa jimbo na kupewa hati. Aliyekataa alinyang'anywa silaha, akazuiwa kununua au kuuza ardhi, na hakuweza kumdai mtu mahakamani. Zaidi ya hayo, aliyekamatwa nje ya wilaya yake bila hati ile aliweza kushukiwa kuwa mpelelezi, akapelekwa mbele ya hakimu, na akiendelea kukataa kiapo, akatiwa gerezani. Tangu siku ile, safari ya kwenda kumwona mzazi mgonjwa ikawa jambo la kisiasa.

AHADI ILIYOKATALIWA

Walioumia mapema kwa sheria hizo walikuwa Makweka, yaani watu wa Kanisa la Marafiki, dhehebu lile lile ambalo miaka mingi baadaye, mwaka 1902, lilianzisha misheni ya Kaimosi magharibi ya Kenya. Imani yao iliwakataza mambo mawili: kupigana vita na kula kiapo. Hawakumwapia mfalme, wala hawakuiapia Kongresi. Katika wakati wa mapinduzi, asiyeapa upande wowote hushukiwa na pande zote mbili.

Mwezi Agosti 1777 majeshi ya Waingereza yalishuka pwani na kuanza kuelekea Philadelphia. Wakati huo huo jenerali mmoja wa Marekani, John Sullivan, alipeleka kwa Kongresi karatasi zilizodaiwa kuwa za mkutano wa Makweka mahali paitwapo Spanktown, zikieleza habari za jeshi. Makweka hawakuwa na mkutano wa namna hiyo mahali hapo. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia mjini, na hofu haina subira ya kuchunguza. Tarehe 28 Agosti Kongresi ilishauri baadhi ya wakuu wa Makweka wakamatwe, na Baraza Kuu la Utawala la Pennsylvania likaandika orodha ya watu wapatao 40.

Wengi wa walioandikwa walipewa nafasi ya kutoa ahadi ya heshima. Ilitosha kutia sahihi kwamba hawatatoka majumbani mwao, na kwamba hawatasema, hawataandika wala hawatatenda jambo la kuidhuru nchi. Baadhi walikubali na wakabaki na watoto wao. Wengine walikataa. Hoja yao ilikuwa fupi: anayeomba kuachiwa kwa ahadi amekiri kwamba anastahili kufungwa, nao hawakuambiwa kosa lao. Waliomba jambo moja, nalo ni kusikilizwa na hakimu. Jaji Mkuu wa jimbo, Thomas McKean, alitoa hati za kuamuru wafungwa wafikishwe mbele yake. Hati hizo hazikutiiwa, na baraza la kutunga sheria likapitisha upesi sheria ya kuzizuia.

Tarehe 11 Septemba 1777, siku ile ile mizinga ilipokuwa ikinguruma katika vita vya Brandywine, watu wapatao 20 walipakiwa katika magari na kuanza safari ya uhamishoni. Wengi wao walikuwa Makweka, baadhi wazee. Walifikishwa Winchester, katika jimbo la Virginia, mwisho wa mwezi huo. Siku chache kabla ya kufika kwao, tarehe 26 Septemba, Waingereza waliingia Philadelphia. Hivyo waume wakawa upande mmoja wa vita, na wake zao upande wa pili.

NYUMBANI WAKATI WA BARIDI

Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa mfanyabiashara Henry Drinker. Mkewe, Elizabeth, alikuwa mwanamke wa miaka 40 na ushei mwenye watoto watano. Tangu mwaka 1758 alikuwa akiandika kumbukumbu za kila siku, na aliendelea kuziandika hadi mwaka alipofariki, 1807. Kwa sababu ya daftari zake, mambo ya nyumba ile yanajulikana hata leo.

Baridi ilikuwa kali na kuni zilikuwa adimu. Vyakula vilipanda bei, kwa kuwa mji ulizungukwa: Waingereza walijenga ngome ndogo kutoka mto Delaware hadi mto Schuylkill, na nje ya ngome hizo doria za Washington zilikamata wakulima waliojaribu kupeleka nyama, siagi na unga sokoni. Mkulima aliyepatikana na hatia alitozwa faini au alichapwa viboko kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Askari walitii amri, kwa maana adui aliyeshiba hupigana vizuri. Lakini gunia lililozuiwa lilikuwa pia chakula cha watoto.

Mwisho wa Desemba 1777 afisa mmoja wa Kiingereza, Meja Crammond, alihamia nyumbani kwa Bibi Drinker. Mama huyo alijitahidi kuepa, lakini ilimbidi akubali, maana mwanamke asiye na mume nyumbani hakuwa na nguvu ya kuufunga mlango wake mbele ya jeshi. Afisa alikuja na watumishi wake, na farasi, ng'ombe, kondoo na bata mzinga wakajaa zizini.

Habari kutoka Virginia zilichukua majuma kufika, na nyingine zilikuwa nzito. Tarehe 2 Machi 1778 Thomas Gilpin alifariki uhamishoni. Tarehe 31 ya mwezi huo huo akafuata John Hunt. Wanawake walipojua kwamba maradhi yameanza kuwaua wenzao mmoja mmoja, waliona kukaa na kungoja hakufai tena.

SAFARI YA WANAWAKE WANNE

Waliandika ombi, na wanawake wengi wakalitia sahihi. Wanne walichaguliwa kulipeleka: Elizabeth Drinker, Phebe Pemberton, mke wa James Pemberton, Mary Pleasants, ambaye mumewe na baba yake mzazi wote walikuwa wafungwa, na Susanna Jones, aliyemfuata mwanawe. Waliondoka Jumapili tarehe 5 Aprili, wakisindikizwa na Mkweka mmoja, Israel Morris. Watu weusi wawili waliwaongoza farasi, na daftari la safari halikuwapa majina.

Usiku wa kwanza walilala kwa John Roberts, mwenye kinu cha kusaga, maili kumi kutoka mjini. Jina hilo msomaji alihifadhi, kwa maana litarudi. Kesho yake walipita katika vituo vya jeshi la mapinduzi hadi Valley Forge. Walimkuta kwanza Martha, mke wa Jenerali, akawapokea kwa upole. Kisha mwenyewe akaja, akazungumza nao, na akawaalika chakula cha mchana pamoja na maafisa wake 15.

Mezani hapo alikuwapo pia Jenerali Charles Lee. Huyu alikuwa ametekwa na Waingereza mwezi Desemba 1776, na siku zile alikuwa ameachiwa kwa ahadi ya heshima akingojea kubadilishwa rasmi na mfungwa mwingine. Hivyo basi, katika chumba kimoja waliketi jenerali aliyetembea huru kwa nguvu ya neno lake, na wanawake ambao waume zao walikuwa wafungwa kwa sababu walikataa kulitoa neno hilo.

Washington hakuwadanganya. Aliwaeleza kwamba wafungwa wale si wa jeshi bali ni wa serikali ya jimbo, na kwamba yeye hana uwezo ila kuwapa cheti cha kufika Lancaster. Cheti akawapa. Siku hiyo hiyo alimwandikia mkuu wa baraza la jimbo, Thomas Wharton, akiyatetea mateso yao kwa jina la utu. Jambo hilo halina budi kuangaliwa vizuri. Amiri jeshi aliyekuwa na maelfu ya bunduki alikubali kwamba mamlaka yake yana mpaka. Na ndani ya mpaka huo alifanya lile aliloweza, bila kuchelewa na bila kuwadhalilisha waliomwomba.

Wanawake walifika Lancaster tarehe 10 Aprili na kukuta upepo umekwisha kugeuka. Kongresi ilikuwa imeirudishia Pennsylvania mzigo wa wafungwa wale, na baraza likaamua waletwe. Hata hivyo halikukubali kuwasikiliza wala kuwasafisha jina. Zaidi ya hayo, liliamua kwamba gharama zote za kukamatwa, kusafirishwa na kufungwa kwao zilipwe na wafungwa wenyewe. Katibu wa baraza aliyeshughulika na wanawake hao alikuwa Timothy Matlack, mtu aliyekuwa Mkweka zamani kisha akatengwa na kanisa. Tarehe 25 Aprili wafungwa walifika, na familia zikaonana baada ya miezi zaidi ya saba. Tarehe 27 hati ya kuwaachia iliandikwa, na tarehe 30 Aprili 1778 walikuwa majumbani mwao, isipokuwa wale wawili waliobaki katika ardhi ya Virginia.

MWANDISHI WA VYETI

Waingereza waliondoka Philadelphia tarehe 18 Juni 1778, na wanamapinduzi wakarudi. Sasa ikawa zamu ya waliotumikia upande wa pili kuulizwa. Wakati wa Waingereza, kazi ya polisi mjini ilikuwa chini ya Joseph Galloway, mwanasheria aliyewahi kuwa mjumbe wa Kongresi kabla ya kurudi kwa mfalme. Galloway alikwisha kukimbia na meli. Wadogo walibaki.

Mmoja wao alikuwa Abraham Carlisle, seremala. Kosa lake kubwa lilikuwa kulinda lango la mji kwa niaba ya Waingereza na kuwaandikia watu vyeti vya kupita. Mwingine alikuwa John Roberts, yule mwenye kinu. Kati ya mashtaka yake lilikuwamo hili, kwamba aliwaomba Waingereza wapeleke askari wa farasi kuwaokoa Makweka waliokuwa wakipelekwa Virginia. Wote wawili walihukumiwa kwa uhaini mbele ya Jaji Mkuu McKean, yule yule aliyewatolea hati wafungwa mwaka uliopita. Watu wengi waliomba wasamehewe, na hata baadhi ya wazee wa baraza waliomtia Roberts hatiani waliandika kumwombea. Haikufaa. Walinyongwa tarehe 4 Novemba 1778.

Kifo cha Carlisle kiliwatisha watu kwa sababu silaha yake ilikuwa kalamu. Raia aliyekuwa na mgonjwa nje ya mji alimwona kuwa mlango wa rehema; kwa serikali iliyorudi, sahihi ile ile ilikuwa ushahidi wa usaliti.

KARATASI NDANI YA SOKSI

Cheti hakina hatari kwa raia peke yake. Jenerali Benedict Arnold alikuwa shujaa mkubwa wa upande wa mapinduzi, mwenye majeraha ya vita mwilini. Mwezi Juni 1778, kabla ya kuingia Philadelphia kama gavana wa kijeshi, alitoa cheti cha kulinda meli ya wafanyabiashara iitwayo Charming Nancy, bila kumjulisha mkubwa wake. Mahakama ya kijeshi ilimwona ana hatia katika mashtaka mawili, na hili la cheti lilikuwa mojawapo. Mwezi Aprili 1780 Washington akamkaripia hadharani. Lakini moyo wa Arnold ulikuwa umekwisha kuhama. Kwa siri alikuwa akiwauzia Waingereza ngome ya West Point, inayotawala mto Hudson.

Usiku wa tarehe 21 Septemba 1780 alionana kisirisiri na Meja John André wa jeshi la Kiingereza. Meli iliyomleta meja huyo ilipigwa mizinga ikarudi nyuma, ikambidi arejee kwa nchi kavu. Alivua sare, akavaa nguo za kiraia, na akapewa na Arnold cheti chenye jina la uongo, John Anderson. Cheti kilikuwa halali kwa kila dalili ya nje. Sahihi ilikuwa ya jenerali. Afisa mmoja wa njiani alikisoma usiku, akamruhusu mwenye nacho apite.

Asubuhi ya tarehe 23 karibu na Tarrytown, wanamgambo watatu walimsimamisha: John Paulding, Isaac Van Wart na David Williams. Paulding alikuwa amevaa koti la askari wa Kijerumani waliopigana upande wa Waingereza. André alipoliona alidhani amefika kwao, akajitambulisha kuwa afisa wa Kiingereza. Alipogundua kosa lake alitoa cheti cha Arnold. Katika wale watatu ni Paulding tu aliyejua kusoma. Alikisoma, kisha akatenda lile ambalo afisa wa usiku hakulitenda: alilinganisha maneno ya karatasi na maneno ya kinywa, akaona hayapatani. Wakamvua viatu na kupata ndani ya soksi zake michoro na habari za ngome. Aliwaahidi fedha, hawakumwachia.

André alinyongwa tarehe 2 Oktoba 1780, na Arnold akakimbilia kwa adui. Kongresi iliwapa wale watatu medali za fedha na malipo ya dola 200 kwa mwaka. Baadaye wako waliosema kwamba nia yao ya kwanza ilikuwa kumwibia msafiri, wala si kulinda nchi. Iwe itakavyokuwa, ngome iliokoka kwa sababu mtu wa cheo cha chini hakuiamini sahihi kuliko macho na masikio yake.

AHADI NI DENI, KWA NANI?

Upande wa kusini, mji wa Charleston ulisalimu amri kwa Waingereza tarehe 12 Mei 1780. Mkataba uliwaruhusu wanamgambo na raia waliobeba silaha kurudi makwao kwa ahadi ya heshima. Maadamu wanaitunza, mali yao haitaguswa. Wengi waliweka silaha chini wakidhani kwamba vita, kwao, vimekwisha.

Majuma matatu baadaye, tarehe 3 Juni, mkuu wa Waingereza, Henry Clinton, alitoa tangazo. Kuanzia tarehe 20 Juni, wengi wa wale walioachiwa kwa ahadi hawatakuwa tena wafungwa. Watakuwa raia wa mfalme, na asiyetimiza wajibu wa raia atahesabiwa kuwa mwasi. Maana yake ilikuwa kwamba hapakuwa tena mahali pa kusimama katikati. Aliyetoa ahadi ya kutopigana sasa aliweza kuitwa apigane na ndugu zake. Wengi waliona kwamba deni limefutwa na mdai mwenyewe, wakarudi msituni na bunduki zao.

Isaac Hayne, kanali wa wanamgambo, alikuwa shambani kwake kwa ahadi. Ndui ikaingia nyumbani na mkewe akaugua vibaya. Alikwenda Charleston kutafuta msaada wa tiba, na huko akaambiwa achague: atie sahihi kuwa raia mtiifu wa mfalme, ama abaki gerezani. Mume mwenye mke mahututi hana muda wa kupima siasa. Alitia sahihi akihakikishiwa kwamba hatalazimishwa kushika silaha. Mkewe hakupona. Mwaka 1781 Waingereza walipomtaka apigane upande wao, Hayne aliona kwamba wao ndio waliovunja maagano, akajiunga tena na wanamapinduzi. Alitekwa mwezi Julai, na tarehe 4 Agosti 1781 akanyongwa bila kesi kamili, ingawa wanawake wa Charleston waliandika ombi la kumhurumia.

Naye Christopher Gadsden, naibu gavana wa South Carolina, aliyekuwa nyumbani kwa ahadi, alikamatwa mwezi Agosti 1780 pamoja na viongozi wengine wakapelekwa St. Augustine, Florida. Huko walitakiwa watoe ahadi mpya. Gadsden alikataa. Aliona kwamba ametoa neno lake mara moja akalitunza, na waliolipokea ndio waliolivunja. Neno la pili lingekuwa na thamani gani? Akatiwa katika chumba cha ngome peke yake majuma 42. Waliokataa ahadi Philadelphia walikuwa watu wa amani waliofungwa na wanamapinduzi. Huyu alikuwa mwanamapinduzi aliyefungwa na Waingereza. Vyama vyao vilipingana, lakini hoja yao ilikuwa karibu moja.

CHETI CHA UHURU

Liko kundi ambalo maisha yao yote yalikuwa ya vyeti, vita viwepo visiwepo. Hao ni Waafrika waliotumikishwa utumwani. Mtumwa hakuweza kutembea barabarani bila karatasi ya bwana wake. Vita vilipokuja, Waingereza walitangaza kwamba mtumwa atakayewakimbia wanamapinduzi na kujiunga nao atapewa ulinzi. Maelfu walikimbia.

Mkataba wa amani ulipoandikwa, wenye watumwa walitaka mali yao irudishwe, na Washington mwenyewe alilizungumza jambo hilo na Jenerali Guy Carleton walipokutana tarehe 6 Mei 1783. Carleton alijibu kwamba walioahidiwa uhuru hawarudishwi. Huko New York, Brigedia Jenerali Samuel Birch aliwaandikia vyeti vya kuonyesha kwamba mwenye cheti alikimbilia kwao kwa kufuata matangazo yale, na ana ruhusa ya kwenda Nova Scotia au popote apendapo. Majina ya watu wapatao 3,000 yaliandikwa katika daftari kubwa kabla ya kupanda meli.

Miongoni mwao alikuwamo Harry Washington, Mwafrika aliyekuwa mtumwa katika shamba la George Washington, Mount Vernon, na kutoroka mwaka 1776. Alisafiri hadi Nova Scotia, ambako kijiji cha watu weusi kiliitwa Birchtown kwa heshima ya mtu aliyesaini vyeti. Ardhi ilikuwa mbaya na ahadi za mashamba hazikutimizwa sawasawa. Mwaka 1792 karibu watu 1,200, naye akiwamo, walivuka bahari tena hadi Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Cheti kilimrudisha Mwafrika katika bara lake.

Bibi Drinker alirudi na mumewe katika nyumba yake ya Philadelphia, akaendelea kuandika daftari lake kwa karibu miaka 30 zaidi. Katika ukurasa wa siku ile ya Valley Forge hakumsifu Jenerali sana wala hakumlaumu. Aliandika tu kwamba Jenerali alisema hawezi kufanya zaidi ya kuwapa cheti cha kwenda Lancaster, nacho aliwapa.